Mwalimu wa Picha Anajibu: Mchanga Mweupe na Mkanda wa Filamu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka ufukweni. Sishangai. Hakuna mahali panapomvuta mtu mwenye kamera ya filamu kama pale maji yanapokutana na mchanga, na hakuna mahali panapomrudisha na picha mbovu kama hapo hapo. Mimi nilianza kupiga bahari nikiwa na miaka 17, mwanafunzi wa mjomba wangu katika chumba cha giza, na sijaacha mpaka leo. Nitajibu kwa kadiri ninavyofanya mwenyewe.

Mchanga wa kijivu

*Shikamoo Mwalimu. Nimerithi kamera ya zamani isiyo na umeme mwingi, ina kipima mwanga cha sindano. Nilipiga mkanda mzima ufukweni saa sita mchana, na kila mara nilihakikisha sindano imekaa katikati kama nilivyofundishwa. Picha zimerudi mchanga una rangi ya saruji na watu weusi tititi. Kipima mwanga kimekufa? — Mrithi wa kamera*

Marahaba mwanangu. Kipima mwanga chako ni kizima, kimefanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba kazi yake si ile unayoidhani.

Kifaa hicho hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kikiamini kwamba kila kilicho mbele yake, ukichanganya cheupe na cheusi, kinatoa kijivu cha wastani. Mtaani imani hiyo haina shida, maana kuna ukuta, mti, barabara, nguo za watu, na wastani wake ni kijivu kweli. Ufukweni hakuna wastani wa namna hiyo. Mchanga unang'aa, maji yanameremeta, anga nayo haiko nyuma. Kipima mwanga kikiona mng'ao wote ule kinasema: mwanga umezidi, bana tundu la lenzi. Nawe unatii. Mchanga uliokuwa mweupe unashushwa hadi kijivu, na mtu aliyesimama juu yake anashushwa pamoja nao hadi gizani.

Dawa yake ni kuipa filamu mwanga zaidi ya ule ulioambiwa. Kwa mchanga mweupe uliojaa kwenye fremu mimi huongeza stopu moja hadi moja na nusu. (Kwa wageni wa safu hii: stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake ukipunguza.) Kwenye kamera kama yako njia rahisi ni kuidanganya kuhusu kasi ya filamu. Kama umeweka filamu ya ISO 400, zungusha kidude cha ISO mpaka 200, kisha endelea kuweka sindano katikati. Umeshaongeza stopu moja kwa mkanda mzima. Ukitoka ufukweni, kirudishe. Mimi hubandika kipande cha plasta nyuma ya kamera na kuandika namba niliyoweka, kwa sababu kichwa kilichopigwa jua siku nzima hakikumbuki.

Njia ya pili ni kuacha sindano kabisa. Jua likiwa kali na vivuli vina kingo zilizokatika wazi, weka tundu f/16, na kasi ya shata iwe sawa na kasi ya filamu: filamu ya 100, shata 1/125, filamu ya 400, shata 1/500. Kanuni hii haipimi mchanga bali inalikadiria jua lenyewe, na jua halibadiliki kwa sababu wewe umesimama kwenye weupe. Utasoma mahali pengi kwamba ufukweni ubane zaidi, f/22. Kwa picha ya mandhari tupu, mchanga na maji bila mtu, nakubali. Akiwepo mtu, narudi f/16, na akiwa amelipa jua mgongo nafungua hadi f/8 au hata f/5.6.

Nakuomba jambo jingine kabla hujaihukumu kamera. Usitazame picha iliyochapwa, tazama negativu, yaani filamu yenyewe iliyosafishwa, ambamo cheupe huonekana cheusi. Ishike mbele ya dirisha. Mchanga kwenye negativu unatakiwa uwe mweusi, mzito, na sehemu za kivuli ziwe na alama za kitu, nywele, mkunjo wa nguo, hata kama ni hafifu. Kama sehemu hizo ni plastiki tupu, basi kweli filamu ilikosa mwanga. Lakini kama negativu imeshiba na picha bado ni ya kijivu, kosa limetokea baadaye: mashine ya kuchapa au ya kuskani nayo hutafuta wastani, nayo hudanganywa na mchanga vilevile. Hapo rudi maabara na useme, "Huu ni mchanga mweupe, naomba uchapwe mweupe." Fundi mzuri atakuelewa mara moja.

Haya yote ni kwa filamu ya negativu, ambayo inasamehe mwanga ukizidi stopu mbili, wakati mwingine tatu. Filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, haina msamaha. Ukizidisha mwanga, mchanga unabaki utupu mweupe usio na chembe ndani yake, na hakuna wa kuurudisha. Kwa slaidi ongeza kwa woga, nusu stopu kisha moja, upige fremu mbili tatu za kitu kilekile.

Uso wa bibi yangu

*Mwalimu, shikamoo. Nimempiga bibi yangu picha sita akiwa ameketi ufukweni. Ngozi yake ni nyeusi sana na nzuri sana. Katika picha zote mchanga ni mzuri, bahari ni nzuri, na uso wake ni doa. Rafiki yangu kaniambia filamu haziwezi ngozi nyeusi. Ni kweli? — Mjukuu*

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana niliwahi kuwa na doa kama hilo, na aliyekuwa ndani yake alikuwa mama yangu.

Rafiki yako hajakosea kabisa kuhusu yaliyopita. Kodak walikuwa wakizipa maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, na kadi hizo ziliitwa "Shirley". Mitambo ya kuchapa ilirekebishwa mpaka ngozi yake ipendeze, na ngozi nyingine zikachukua kilichobaki. Lakini filamu unayonunua leo inaona ngozi ya bibi yako vizuri. Kilichokuangusha ni kwamba uliipa filamu mwanga uliotosha mchanga, na mchanga haukuwa sababu ya wewe kutoa kamera.

Kwa hiyo anza na uso. Mwendee bibi, mkaribie mpaka uso wake ujae kwenye kitazamio, soma kipima mwanga hapo hapo, funga namba hizo, rudi ulipotaka kusimama, piga. Usikubali kamera ikusomee upya ukiwa mbali. Kama ngozi ni nyeusi sana, kipima mwanga kitakosea upande wa pili sasa, kitataka kuipandisha iwe kijivu, kwa hiyo wapo wanaobana stopu moja ili weusi ubaki weusi. Kwa negativu mimi sibani, au nabana nusu tu. Napenda negativu iliyoshiba, kisha naushusha uso wakati wa kuchapa mpaka ufike pale ninapoujua. Kwenye slaidi nabana stopu yote. Ukiwa na kipima mwanga cha mkononi chenye kuba jeupe, mambo ni mepesi zaidi: kiweke mbele ya kidevu chake, kuba likitazama kamera, soma. Hicho hupima mwanga unaomfikia, wala hakijali rangi ya ngozi wala ya mchanga.

Sasa kuhusu mahali pa kumkalisha, ambapo naona pana uzito kuliko namba. Jua la utosini linachimba mashimo chini ya nyusi na kufuta macho. Usimgeuzie jua usoni, atakunja uso. Mgeuze alipe jua mgongo, mbele yake pawe na mchanga mkavu, mpana, mweupe. Mchanga ule ule uliokusumbua sasa unakufanyia kazi: unaurudisha mwanga kutoka chini, laini, unaingia chini ya nyusi na chini ya kidevu. Ngozi nyeusi ikipata mwanga wa namna hiyo inang'aa kwenye shavu na kwenye paji, na huo mng'ao ndio unaoonyesha umbo la uso. Mchanga uliolowa hautakufaa hapo, ni mweusi na unameza mwanga. Kivuli cha mwavuli kinafaa pia, ila tazama rangi ya mwavuli. Mwavuli mwekundu utampaka bibi wekundu, wa kijani utampaka ukijani, na macho yako hayatauona kwa sababu yanajirekebisha, ilhali filamu hairekebishi kitu.

Weka kofia ya kukinga jua kwenye lenzi, au kinga kwa kiganja, maana jua linakutazama. Na rudi kwa bibi upesi. Sita za kwanza zihesabu kuwa za mazoezi.

Mstari mrefu

*Mwalimu, kwenye negativu zangu za ufukweni kuna mstari mwembamba ulionyooka, unapita fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Maabara wanasema si wao. — Msomaji mwenye hasira*

Huenda wanasema kweli. Mstari ulionyooka, sambamba na ukingo wa filamu, unaopita fremu zote, ni wa kitu kilichokaa mahali pamoja huku filamu ikipita juu yake. Ufukweni kitu hicho huwa ni chembe ya mchanga. Mdomo wa kikopo cha filamu ya milimita 35 umezibwa kwa kitambaa cha mahameli ili mwanga usiingie, na kitambaa kile kinashika mchanga kama kilivyoumbwa kufanya hivyo. Chembe moja ikinasa pale, kila ukivuta filamu inachora, na ukiirudisha nyuma inachora tena.

Mimi nilipoteza mkanda wa fremu 36 kwa namna hiyo. Nilibadilisha filamu nimechuchumaa kwenye upepo, kamera wazi mapajani, mkanda mpya umelala juu ya taulo. Ilikuwa siku ya mwisho mama yangu kwenda baharini kwa miguu yake. Mstari unapita kwenye bega lake katika kila fremu. Nimezichapa hata hivyo, na zipo ukutani, lakini tangu siku hiyo sijabadilisha filamu ufukweni mahali pa wazi. Naondoka na kamera imeshajazwa nyumbani. Kama lazima nibadilishe, natoka mchangani kabisa, nalipa upepo mgongo, mikono naifuta, na kazi yote naifanya ndani ya mfuko wa kitambaa safi. Kikopo hakitoki kwenye mkebe wake mpaka sekunde ninapokihitaji.

Fungua mgongo wa kamera nyumbani, chini ya taa, ulitazame lile bamba linalokandamiza filamu na zile reli mbili. Puliza kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usifute pazia la shata kwa kidole, hata kidogo. Na ukikuta mchanga kwenye pete ya lenzi unaosagika ukizungusha, acha kuzungusha, peleka kwa fundi.

Filamu gani?

*Habari za kazi Mwalimu. Naenda likizo pwani kwa mara ya kwanza na kamera ya filamu. Ninunue filamu gani? — Mgeni wa bahari*

Nzuri, karibu. Yoyote ya negativu utakayoipata ikiwa haijapitwa na muda itakupa picha nzuri. Nikilazimishwa kutaja: kwa mandhari ya rangi napenda Kodak Ektar 100, bluu yake imeshiba na chembe zake ni ndogo mno, ingawa ngozi nyeupe huitia wekundu. Kwa watu, Kodak Portra 400. Kwa nyeusi na nyeupe, Ilford FP4 Plus, ambayo ni ya ISO 125.

Kinachokosewa sana ni kubeba filamu yenye kasi kubwa mahali penye mwanga mwingi. Kamera nyingi za zamani zinaishia 1/500. Ukiweka filamu ya 400 kwenye jua la ufukweni, umeshabanwa kwenye 1/500 na f/16, huna pa kwenda. Hutaweza kufungua lenzi ili kuififisha nyuma ya mtu. Filamu ya 100 inakupa nafasi ya kupumua. Filamu ya 400 ibaki kwa alfajiri, kwa machweo, na kwa siku za mawingu.

Na joto. Filamu isiyosafishwa, iliyopigwa au isiyopigwa, usiiache ndani ya gari lililofungwa wala juani kwenye mkoba mweusi. Rangi zake zinahama. Kama uliihifadhi kwenye friji, itoe saa moja au mbili kabla ya kufungua mkebe, la sivyo unyevu wa hewa ya bahari utaganda juu yake. Kamera nayo ni hivyo hivyo: ukitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Wanaoharakisha hupata lenzi yenye ukungu ndani, na ule ukungu huwezi kuufuta.

Anga imepotea

*Mwalimu, nilipiga bahari kwa filamu nyeusi na nyeupe. Mbinguni kulikuwa na mawingu ya kupendeza, kwenye picha kuna karatasi tupu. — Mpenda mawingu*

Uko kwenye kundi la watu wa heshima. Tatizo lako lilimsumbua Gustave Le Gray, mpiga picha wa Ufaransa, katika miaka ya 1850. Vioo vya zama zile, vilivyopakwa dawa ya kolodioni na kutumika kama filamu, viliona bluu tu na jirani zake, kwa hiyo anga iliungua ikawa nyeupe kabla maji hayajapata mwanga wa kutosha. Alichofanya katika baadhi ya picha zake za bahari ni kupiga negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya maji, kisha akazichapa kwenye karatasi moja akizikutanisha kwenye mstari wa upeo. Nimewahi kujaribu hilo katika chumba cha giza kwa juma zima. Kuuficha ule mstari ni kazi ya mkono uliotulia sana, na tangu hapo nikitazama bahari zake nashika pumzi.

Filamu za leo zinaona rangi zote, ila bado zinaipendelea bluu kuliko macho yetu. Wingu jeupe juu ya bluu iliyopauka halionekani. Kwa hiyo izuie bluu isiingie: filta ya njano inaishusha anga kidogo, ya machungwa zaidi, nyekundu inaifanya iwe karibu na usiku. Njano inakula stopu moja hivi, machungwa karibu mbili, nyekundu tatu. Kamera inayopima kupitia lenzi itajihesabia yenyewe, ingawa kwa nyekundu sindano nyingine hukosea, na mimi huhesabu kwa kichwa. Kwa bahari chaguo langu ni la machungwa. Nyekundu inageuza kila siku kuwa siku ya dhoruba, na bahari tulivu ina haki ya kuonekana tulivu.

Kama anga ilikuwa imefunikwa na wingu moja jeupe kutoka pembe hadi pembe, hakuna filta itakayokusaidia, kwa kuwa hakuna bluu ya kuzuia. Shusha kamera, upige mchanga na maji, anga uiachie kidole kimoja juu.

Mawimbi kama moshi

*Shikamoo Mwalimu. Nataka maji yaonekane kama ukungu. Nimenunua filta nyeusi ya stopu kumi. Nimefuata hesabu na bado picha zina giza. — Mwanafunzi wa sayansi*

Marahaba. Hesabu zako ni sahihi, ila filamu ina tabia ambayo hesabu za kawaida hazina. Ikiachwa kwenye mwanga hafifu kwa muda mrefu inachoka, inapokea kidogo kuliko inavyopewa. Tuchukue mfano wa FP4 Plus kwenye jua: f/16 na 1/125. Stopu kumi ni mara 1024, kwa hiyo unafika sekunde 8 na kitu. Hapo ndipo uliposimama. Lakini Ilford wenyewe wanatoa kanuni ya kuongeza: chukua sekunde ulizopima, zipandishe kwa kipeo cha 1.26. Nane na kitu inakuwa 14. Kumi inakuwa 18. Thelathini inakuwa kama 73. Kwa HP5 Plus, filamu nyingine ya Ilford, kipeo ni 1.31, yaani kumi inakuwa 20. Filamu ya Fujifilm Acros haina haja ya nyongeza mpaka sekunde 120, na wapenda maji ya ukungu wengi huipenda kwa sababu hiyo.

Miguu ya stendi ikandamize chini mchangani kabla ya kupima chochote. Wimbi likirudi linachimba mchanga chini ya mguu, stendi inashuka kidogo, na sekunde 14 zako zimekufa. Tumia waya wa kufyatulia. Ukimaliza, suuza miguu ya stendi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwenye viungo.

Ila nikuambie ninachopenda mimi, ukitaka ukisikie. Maji ya dakika nzima yanafanana kila mahali. Jaribu 1/8 au 1/4 ya sekunde wakati wimbi linaporudi, si linapokuja. Povu linavutika kuwa nyuzi, na kila fremu ni tofauti, maana hakuna wimbi linalorudi kwa njia ya mwenzake. Simama pale maji yanapokupwa, uyatazame mawimbi kumi bila kupiga. La kumi na moja utalijua.

Imetumbukia

*Mwalimu, wimbi limeifunika kamera yangu, filamu ikiwa ndani. Nifanye nini? — Haraka tafadhali*

Toa betri sasa hivi. Zima kila kitu, usijaribu kuwasha kuona kama inafanya kazi. Kama ni kamera ya umeme mwingi, matumaini ni machache, chumvi inakula saketi hata baada ya kukauka. Kama ni ya mitambo, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi na uifikishe kwa fundi leo, si kesho, umwambie ni maji ya bahari.

Filamu irudishe ndani ya kikopo chake, na usiikaushe. Ikikauka ikiwa imejikunja, tabaka zinagandana na picha zinabanduka. Itumbukize kwenye chombo chenye maji safi, kifunikwe kisipenye mwanga, ukipeleke maabara kikiwa hivyo hivyo na ueleze. Fremu nyingi hupona.

Mkanda wa baba

*Mwalimu, baba yetu alifariki mwaka jana. Ndani ya kamera yake tumekuta mkanda, kidude cha kuhesabu kinaonyesha 22. Mama anasema mara ya mwisho alipiga picha tulipokwenda baharini sote, mimi nikiwa darasa la tatu. Sasa nina miaka 31. Je, kuna kitu ndani? — Mtoto wa kwanza*

Pole sana mwanangu, wewe na mama na wadogo zako.

Huenda kipo. Picha iliyokwisha kupigwa inakaa ndani ya filamu bila kuonekana, na inafifia kadiri miaka inavyopita, haraka zaidi ikiwa mahali pa joto. Miaka zaidi ya 20 ni mingi, lakini nimesafisha mikanda ya umri huo na nikaona watu. Nyeusi na nyeupe hudumu vizuri zaidi. Ya rangi hurudi na ukungu na rangi zilizohama.

Usifungue mgongo wa kamera kuchungulia. Usimalizie fremu zilizobaki, ingawa najua mkono utakuwasha, ziache. Ziba lenzi, kisha bonyeza kile kitufe cha chini na urudishe filamu taratibu mpaka usikie imelegea. Kama kishikio kinakataa, usikilazimishe, mpe fundi aifungulie gizani. Ukishautoa mkanda, uweke kwenye mkebe, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika: *umepigwa, wa zamani, bahari*. Usiupitishe kwenye mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege, kama lazima usafiri nao omba ukaguliwe kwa mkono.

Soma maandishi kwenye kikopo. Kama imeandikwa C-41, ni negativu ya rangi ya kawaida, na maabara wataweza kuisafisha kwa rangi. Uliza kwanza kama wamewahi kusafisha mikanda ya zamani, na kama hawajawahi, tafuta wengine. Kwa umri huu mimi ningeomba isafishwe kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, maana tunachokitafuta ni nyuso, na dawa hiyo huziokoa mara nyingi pale rangi inaposhindwa. Utapoteza bluu ya maji. Zungumzeni nyumbani kabla ya kuamua, kwa kuwa hakuna kurudi nyuma. Kama imeandikwa Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, hakuna cha kuamua: Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyoisafisha kwa rangi iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa 2010. Nyeusi na nyeupe ndiyo njia iliyobaki.

Waambie wasikate negativu na wasitupe fremu yoyote, hata ile inayoonekana tupu. Mashine ya kuskani itaziruka, jicho la mtu mwenye subira halitaziruka. Kisha omba karatasi moja yenye fremu zote 22, ndogo ndogo, kwa mpangilio alioupiga. Mpelekee mama karatasi hiyo kabla ya kuchapa yoyote kubwa. Mpe na kioo cha kukuzia. Atatambua mgongo wa mtu pale ambapo wewe utaona doa tu, na atakuambia ipi ilitangulia, nani alikuwa amekasirika, na nani alishika kamera ile fremu moja ambayo baba yumo.